Vichwa Vinane, Karatasi Moja, Dakika Ishirini: Mwongozo wa Kutunza Jicho na Mkono wa Kuchora Sura

Mchoraji wa sura akikaa miezi miwili bila kushika penseli, mkono hausahau kazi yake. Kinachopotea kwanza ni jicho la kupima. Mistari inabaki laini na kivuli kinakolea vizuri, ila macho yamepanda kwenye paji la uso, sikio limesogea shavuni, na mteja aliyeleta picha ya marehemu baba yake anaitazama kazi kwa muda, kisha anasema kwa upole, "Nzuri, ila siyo yeye."

Mazoezi haya yamepangwa kwa ajili ya jicho hilo. Yanachukua dakika 20, siku tano kwa wiki, na yana sharti moja ambalo wengi hulikwepa: kila kipindi kinafungwa kwa dakika tatu za ukaguzi. Ukichora vichwa mia bila kukagua hata kimoja, umelifanyia mazoezi kosa lako mara mia, na sasa limekuwa hodari kuliko wewe.

Mwongozo unamlenga mtu anayejua tayari kuchora uso, hata kama kwa kubahatisha. Anayeanza kabisa naye anaweza kuufuata, mradi asitarajie mfanano katika wiki za mwanzo.

Vifaa

Chukua karatasi ya rimu ya A4, gramu 80, ileile ya kutolea kopi. Ikunje nusu mara tatu, ifungue, ilaze kwa upana. Utapata vyumba vinane, vinne juu na vinne chini, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita 7.4 na kimo cha sentimita 10.5. Katika kila chumba kinakaa kichwa kimoja cha urefu wa sentimita 7, pamoja na kipande cha shingo. Udogo huo ni wa makusudi. Kichwa cha sentimita 7 hakikupi nafasi ya kuhesabu kope moja moja, kwa hiyo unalazimika kushughulika na umbo, pembe na giza, yaani vitu vinavyobeba mfanano. Rimu ina karatasi 500. Kwa karatasi moja kwa siku, siku tano kwa wiki, mwaka mzima unakula karatasi 260 tu, kwa hiyo usiionee huruma karatasi.

Penseli mbili zinatosha: 2B ya kujenga na 6B ya kutia giza. HB tuliyozoea shuleni ni ngumu. Ukiikandamiza ili itoe weusi inakwaruza karatasi, na bado inaacha kijivu. Chonga kwa wembe badala ya kichongeo: ondoa mti sentimita 2 hivi, acha risasi ikiwa wazi milimita 7 au 8. Ncha ndefu namna hiyo ina kazi mbili, ncha yenyewe kwa mstari na ubavu wake kwa kivuli.

Raba iwepo, lakini ikae mfukoni hadi kichwa cha mwisho. Siku moja kati ya tano weka penseli kando kabisa na utumie kalamu ya wino ya kawaida. Kalamu haifutiki, na hilo linafundisha uamuzi: unatazama mara mbili kabla ya kugusa karatasi. Kwa kivuli cha kalamu, mwalimu mzuri unaye kwenye pochi. Itazame kwa kioo cha kukuzia noti ya shilingi 1,000 ya Tanzania, yenye sura ya Mwalimu Nyerere. Giza na mwanga wa uso vimejengwa kwa mistari myembamba inayopinda pamoja na shavu na paji. Panapokaribiana pamekuwa giza, panapoachana pamekuwa mwanga. Jaribu kupindisha mistari yako vivyo hivyo kwenye shavu moja tu.

Makaa ya jikoni yaache jikoni. Mengi yametokana na miti migumu, yanakwaruza, na hayatoi weusi ulio sawa.

Mkao na mwanga

Karatasi ikilala bapa mezani, sehemu ya juu inakuwa mbali zaidi na jicho kuliko ya chini, kwa hiyo unaiona ikiwa imefupika. Mkono unafidia bila wewe kujua, na kichwa kinatoka kirefu kama papai. Weka ubao au kitabu kikubwa kwenye mapaja na ukiegemeze mezani kiinuke nyuzi 45 hadi 60, karatasi ikuelekee usoni. Marekebisho haya peke yake huondoa kosa ambalo watu wengine hulibeba kwa miaka.

Anayechorwa akae mita 1.5 hadi 2 kutoka kwako. Karibu zaidi ya hapo pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Ndiyo maana selfi iliyopigwa kwa urefu wa mkono ni picha mbaya ya kufanyia mazoezi: lenzi iko karibu mno na pua. Kama unatumia picha, omba iliyopigwa kutoka mita 2, halafu uikuze.

Mwanga uwe mmoja, utokee upande, juu kidogo ya kichwa; dirisha la asubuhi linatosha. Jua la saa sita mchana linatokea utosini, linajaza giza kwenye mashimo ya macho na kufuta mashavu. Taa mbili zinazopingana nazo zinaua umbo, kwa sababu kila kivuli kinapata mpinzani.

Kipindi chenyewe

Weka kengele ya simu. Usipoweka kengele, kichwa cha dakika moja kitakula dakika sita na utajidanganya kuwa umefanya mazoezi.

*Dakika ya 1: kupasha mkono.* Nyuma ya karatasi chora mayai kumi kwa kutumia bega badala ya vidole, ukishika penseli sentimita 6 kutoka kwenye ncha. Kila yai likatwe kwa mstari mmoja wa mviringo unaolizunguka, kama kamba iliyofungwa kwenye mpira.

*Dakika ya 2 hadi 6: vichwa vitano, dakika moja kila kimoja.* Dakika ina sekunde 60, na zote zina kazi.

Sekunde 10 za kwanza ni za mwinamo. Piga mstari mmoja mwepesi kutoka utosini hadi kwenye kishimo cha shingo, kati ya mitulinga miwili. Hakuna mtu anayekaa na kichwa kilichosimama wima kama nguzo, na mfanano mwingi umo humo, kwenye jinsi mtu anavyobeba kichwa chake. Tunamtambua jirani akiwa mbali kabla hatujaona macho yake.

Sekunde 15 zinazofuata weka yai la fuvu na kabari ya taya, kisha mistari miwili: wa macho, unaokata kichwa kwa mlalo, na wa katikati ya uso, unaoshuka kutoka kwenye paji kupitia pua hadi kidevuni. Yote miwili ipinde pamoja na yai. Kichwa kikiinama, mstari wa macho unabonyea chini. Kikitazama juu, unapanda kama upinde.

Sekunde 20 ni za giza. Finya macho hadi uso ubaki madoa tu, halafu kwa ubavu wa 6B weka madoa hayo: mashimo ya macho, chini ya pua, mstari kati ya midomo, chini ya kidevu, nywele. Usichore jicho. Weka doa lenye umbo la giza la jicho.

Sekunde 15 za mwisho zitumie kwa kitu kimoja tu kinachomtofautisha huyu na mwingine: taya pana, paji lililotangulia mbele, mdomo wa juu unaofunika wa chini. Kitu kimoja. Kengele ikilia, nyanyua mkono, hata kama pua haipo.

*Dakika ya 7 hadi 12: vichwa viwili, dakika tatu kila kimoja.* Hapa ndipo upimaji unapoingia. Nyoosha mkono hadi kiwiko kifunge, fumba jicho moja, na upime kwa penseli urefu kutoka mstari wa macho hadi ncha ya kidevu. Hicho ndicho kipimo chako. Kinaingia mara ngapi kutoka macho hadi utosi? Kinaingia mara ngapi kwenye upana wa kichwa? Kiwiko kikikunjika hata kidogo, kipimo kimeharibika na majibu yote yanayofuata ni uongo.

Baada ya urefu, pima pembe. Laza penseli hewani kutoka kona ya nje ya jicho hadi kona ya mdomo, ishike ikiwa na mwelekeo uleule, iteremshe hadi kwenye karatasi. Fanya hivyo pia kutoka ncha ya pua hadi kwenye ndewe ya sikio. Pembe mbili au tatu za namna hii zinamfunga mtu kwenye karatasi kuliko kope mia.

*Dakika ya 13 hadi 17: kichwa kimoja cha dakika tano.* Dakika ya kwanza ni umbo, ya pili vipimo, ya tatu na ya nne kivuli kwa ngazi tano, ambazo zimeelezwa mbele. Dakika ya mwisho ni ya kingo: chagua sehemu mbili ambapo mstari unapaswa kuwa mkali, mara nyingi kope ya juu na kati ya midomo, na sehemu mbili ambapo utaufuta kwa kidole, kwa mfano shavu linapoingia kwenye giza la shingo. Uso uliozungushiwa mstari wa unene mmoja kuanzia sikio hadi sikio unaonekana umekatwa kwa mkasi.

*Dakika ya 18 hadi 20: ukaguzi.* Usiruke. Ukibanwa na muda, punguza vichwa viwili ubaki na ukaguzi.

Namna ya kukagua

Geuza karatasi juu chini. Kilichopinda kitajitokeza papo hapo, kwa sababu akili imeacha kuona uso na inaona maumbo. Kisha tazama mchoro kwenye kioo, au upige picha kwa simu na uigeuze kushoto kulia. Kila mchoraji ana upande mmoja ambao huuvuta, na kioo hakina aibu.

Hatua inayofuata ni ya rula, na inahitaji picha ya kulinganisha. Chukua kichwa cha dakika tano. Tuseme kwenye picha kichwa kina milimita 62 kutoka utosi hadi kidevu, na mstari wa macho uko milimita 32 kutoka utosini. Gawanya: 32 kwa 62 ni 0.52. Mchoro wako una milimita 70, na macho yako kwenye milimita 31. Gawanya: 0.44. Macho yalipaswa kuwa kwenye milimita 36. Umeyapandisha milimita 5. Fanya hivyo pia kwa chini ya pua na kwa mstari wa mdomo. Siku za kuchora mtu hai, mpige picha kwa ruhusa yake ukiwa palepale ulipokaa, upate cha kulinganisha baadaye.

Sasa andika chini ya karatasi tarehe na kosa moja kwa maneno yanayopimika. "Macho juu mm 5" linafaa. "Haijakaa sawa" halifai, kwa sababu kesho halikuambii pa kutazama. Andika kosa moja tu hata ukiona sita. Kubwa kuliko yote ndilo linaloleta mengine.

Zikifika karatasi kumi, yaani wiki mbili, zitandaze sakafuni kwa mpangilio wa tarehe na usome maandishi ya chini peke yake. Kosa lililojirudia mara nne au zaidi ndilo somo la wiki mbili zijazo. Katika wiki hizo, kila kichwa cha dakika moja kianze na sehemu hiyo. Kama ni macho kupanda, alama ya kwanza kabisa kwenye karatasi iwe utosi, ya pili kidevu, ya tatu nusu ya katikati, kabla ya yai lenyewe.

Makosa yanayorudi, na chanzo chake

Macho kupanda ndiyo kosa kongwe. Kutoka utosi wa fuvu hadi kidevu, kwa mtu mzima, macho yako karibu na nusu kabisa. Sisi tunayaweka juu kwa sababu akili inathamini uso na kudharau paji na nywele, na kinachodharauliwa kinapewa nafasi ndogo. Dawa ni kupima utosi wa fuvu, bila unene wa nywele, kabla ya kitu kingine.

Ndugu yake ni kisogo kukatwa. Mtu akitazamwa ubavuni, kina cha kichwa kutoka paji hadi kisogo hukaribia urefu wake wote, na sikio liko nyuma ya mstari wa kati. Wengi huchora uso, wakaweka sikio mara tu baada ya shavu, kisha wakafunga kichwa kama ukuta. Chora mpira wa fuvu kwanza, uso uje kama kinyago kilichobandikwa mbele yake.

Macho mapacha. Uso ukigeuka robo, jicho la mbali ni jembamba zaidi, na sehemu yake inaweza kumezwa na mgongo wa pua. Ukichora macho yote mawili kwa upana mmoja, uso unabaki umetazama mbele wakati pua imegeuka. Pima upana wa jicho la karibu, kisha uliza la mbali ni nusu yake, theluthi mbili, au kiasi gani.

Meno. Mistari kati ya jino na jino ikichorwa, mtu anakuwa na mdomo wa mahindi. Acha meno kama doa moja la mwanga, tia giza kwenye kona za mdomo, na gusa kidogo tu pale meno yanapokutana na ufizi.

Kanuni kugeuzwa sheria. Vitabu vingi vya uchoraji vinafundisha kwamba mabawa ya pua yanaishia chini ya kona za ndani za macho. Kanuni hiyo imekuja na desturi ya uchoraji wa Ulaya. Kwa sura nyingi za huku kwetu mabawa ya pua yanapita kona hizo, na midomo ni minene zaidi. Anayefuata kanuni bila kupima atachora watu wote wakiwa na pua ya mtu mmoja ambaye hakuwahi kumwona. Tumia kanuni kama swali: "Pua ya huyu inapita kona kwa kiasi gani?"

Kwa watoto wadogo mstari wa macho hushuka chini ya nusu, kwa kuwa fuvu limetangulia na taya haijakua. Ukimchora mtoto wa miaka miwili kwa vipimo vya mtu mzima utapata mzee mfupi. Kwa wazee, mikunjo ichukuliwe kama bonde lenye upande wa mwanga na upande wa giza. Mstari mtupu unaonekana kovu.

Ngozi nyeusi na ngazi tano

Hapa panahitaji utulivu, maana ndipo michoro mingi ya penseli inapoharibika. Mchoraji anaona ngozi nyeusi, anapaka uso wote kijivu kimoja kizito, kisha anashangaa pua imezama. Weusi haukuficha umbo. Yeye ndiye aliyetumia giza lote mapema, akakosa la kuwekea kivuli.

Kwenye ukingo wa karatasi chora visanduku vitano vya sentimita 1. Cha 1 kibaki karatasi tupu, cha 5 kiwe giza la mwisho ambalo 6B inaweza kutoa, vitatu vya katikati vigawane nafasi sawa. Sasa mpangie mtu wako. Kwa mtu mweusi sana chini ya mwanga wa dirisha, upande wa mwanga wa uso ukae ngazi ya 3, upande wa kivuli ngazi ya 4, na ya 5 ihifadhiwe kwa matundu ya pua, mstari kati ya midomo, kope na nywele. Mng'ao kwenye paji, mgongo wa pua, mfupa wa shavu na mdomo wa chini upewe ngazi ya 1 au 2. Kwa mtu wa maji ya kunde, shusha upande wa mwanga na wa kivuli ngazi moja, viwe 2 na 3.

Mng'ao ndio unaojenga umbo katika ngozi nyeusi, kama kivuli kinavyolijenga katika ngozi nyeupe. Kwa hiyo uzungukie tangu mwanzo. Usipake halafu ukafuta, kwa sababu raba inaacha ukungu. Angalia kingo zake pia: mng'ao wa dirisha ni mpana na unayeyuka pembeni, wa balbu moja ni mdogo na mkali. Ukiuchora wa balbu kwenye uso wa dirishani, mtu anaonekana ametoka jasho.

Weupe wa jicho si mweupe. Jicho ni mpira uliokaa shimoni chini ya kope, na mara nyingi weupe wake ni ngazi ya 2, upande wa kivuli hata ya 3. Ukiuacha karatasi tupu, macho yanatoka kama ya mtu aliyeshtuka. Acha karatasi tupu sehemu moja tu, kinukta cha mwanga kwenye mboni.

Mdomo wa juu hutazama chini na kwa kawaida ni giza. Wa chini hupokea mwanga. Kwa watu wengi mdomo wa chini una pia wekundu unaoufanya mwepesi zaidi, kwa hiyo tofauti ya midomo miwili inaweza kufika ngazi mbili kamili.

Tatizo moja la kifaa: penseli ikikandamizwa sana inang'aa kama bati, na sehemu iliyopaswa kuwa giza kuu inarudisha mwanga. Weka ngazi ya 5 kwa tabaka mbili au tatu nyepesi, au uiwekee kalamu nyeusi. Mara moja kwa wiki tumia kipande cha bahasha ya kaki na chaki nyeupe: kaki yenyewe inakuwa ngazi ya 2, penseli inatia giza, chaki inagusa mng'ao tu. Chaki na penseli zisichanganyike, zikichanganyika zinatoa majivu.

Nywele, kofia na ushungi

Nywele fupi za kipilipili zichukue kama kofia ya giza yenye ukingo uliovunjika. Mstari mkali kwenye paji unafaa kwa aliyetoka kwa kinyozi leo, siyo kwa mwingine. Nywele zilizosukwa, anza na umbo zima la kichwa, kisha weka njia za ngozi kati ya misuko, zikipinda pamoja na fuvu. Misuko yenyewe ionyeshe sehemu moja tu, pale mwanga unapogeuka kuwa giza. Ukisuka kichwa kizima kwa penseli, mtazamaji ataangalia nywele na kusahau uso.

Kofia ya viua, kilemba na ushungi vinaficha alama za kupimia: utosi, mwanzo wa nywele, masikio. Wachoraji wengi hapo hupunguza fuvu bila kujua, na kofia inakaa kama kifuniko cha chupa. Chora fuvu zima kwanza kwa mstari hafifu, ndipo uvalishe. Ukingo wa kofia ni duara linaloonekana kwa ubavu, na mpindo wake lazima ukubaliane na mpindo wa mstari wa macho. Ukipingana nao, kofia itaonekana imeazimwa kutoka kichwa kingine. Kwa ushungi, pima kutoka nyusi hadi kidevu na uitumie sehemu hiyo peke yake kama kipimo, kwa kuwa kitambaa kinaongeza upana usio wa uso.

Wapi pa kupata sura kila siku

Gawanya siku tano hivi: mbili watu hai, mbili picha, moja kumbukumbu. Picha peke yake zinadumaza, maana lenzi imeshakufanyia kazi ya kubapaza uso.

Mtu hai aliye tayari wakati wote ni wewe mwenyewe kwenye kioo. Kaa sentimita 75 kutoka kwenye kioo. Sura yako inaonekana kana kwamba iko umbali mara mbili, mita 1.5, umbali uleule tunaoutaka. Mwaka 1630 Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alichonga kwenye bamba sura yake mwenyewe amekodoa macho na kuacha mdomo wazi, na chapa hiyo ina takriban sentimita 5 tu kwa kimo. Fanya hivyo: vichwa vitano vya dakika moja, kila kimoja na hali yake, hasira, mshangao, kununa, kucheka, usingizi.

Taarifa ya habari ya usiku nayo ni darasa. Mtangazaji anarudi kwenye mkao uleule kila baada ya sekunde chache. Zima sauti, maana ukianza kusikiliza mkono unasimama. Matangazo ya bunge yanafaa zaidi kwa mwinamo wa vichwa, hasa kikao kinaporefuka.

Kwenye daladala, matatu, kivuko au foleni ya benki, tumia kidaftari cha ukubwa wa nusu ya daftari la shule na kalamu ya wino. Watu watasogea. Anza vichwa vitatu kwenye ukurasa mmoja; huyu akigeuka hamia kwa mwingine, akirudi rudi naye. Usimkazie macho mtu mmoja kwa muda mrefu, hasa mwanamke usiyemfahamu, na usichore karibu na kambi, bandari au lango lenye ulinzi. Kijiweni omba wazi: "Shikamoo mzee, naomba nikuchore dakika tano tu." Wengi hukubali, na akikataa, kwa sababu za dini au zake mwenyewe, mshukuru na ufunge daftari. Aliyekubali muonyeshe mchoro hata kama umeharibika. Atakuambia kosa lako haraka kuliko rula, na wenzake waliokaa naye watamsaidia.

Siku ya kumbukumbu fanya hivi: mtazame mtu au picha sekunde 30 bila kuchora, ukijisemea moyoni mambo matatu, kwa mfano, "Kichwa kirefu, nyusi zimekaribia macho, kidevu kimerudi nyuma." Geuka, chora dakika mbili, rudi ukague. Usipoweza kulisema, hukuliona.

Ukiwa umeacha muda mrefu

Usianze na kazi ya mteja wala sura ya mtu unayempenda. Siku tatu za kwanza chora vichwa vya dakika moja pekee, vinane kwa karatasi, bila macho, bila pua, mwinamo na madoa ya giza tu. Siku ya nne ongeza upimaji. Kichwa cha dakika tano kirudi wiki ya pili. Karatasi za zamani usizitupe: toa moja ya kabla hujaacha, isome ile sentensi ya chini, halafu chora kichwa cha kwanza ukiitafuta. Mara nyingi utaikuta palepale ulipoiacha, milimita zilezile.